Kwa miguu hadi Namugongo: Malengelenge si hongo ya Mungu

Mwishoni mwa Mei, ukipita barabara ya Busia asubuhi na mapema, utawakuta. Wanatembea kwa foleni ukingoni mwa lami, bendera ya parokia mbele, rozari mkononi, leso kichwani, wengine kwa raba na wengine kwa champali. Madereva wa matrela wanawapigia honi. Hao ni mahujaji wa Namugongo, na lazima wafike kabla ya Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda.

Pengine umewahi kujiuliza: kwani hawa watu hawajui kuna basi? Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo, nje kidogo ya Kampala, ni karibu kilomita 200. Basi linamaliza kwa saa chache. Kwa miguu ni wiki nzima, na hiyo ni kama mwili umekubali. Kuna hata wanaoanzia ndani kabisa ya Kenya, wakifika mpakani tayari wamechoka.

Basi acha nikuambie kinachotokea kichwani, maana cha miguuni unaweza kukisia.

Siku ya kwanza ni sherehe. Mnavuka kwa kitambulisho, mnabadilisha pesa, na ghafla unajiona tajiri kwa zile noti za Uganda. Unapiga selfie, unaweka status, unasali rozari kwa sauti. Unajiona mtakatifu hivi. Siku ya pili, mkielekea Bugiri, lengelenge la kwanza linapasuka kisiginoni na utakatifu wote unaishia hapo. Unamchukia kiongozi anayesema "tumekaribia". (Sijawahi kumsikia kiongozi wa hija akisema ukweli kuhusu umbali.) Sala inageuka kuwa hesabu: nifike nguzo ile ya stima, halafu ile nyingine.

Hapo ndipo wengi wetu huanza kufanya biashara na Mungu.

Kila hujaji hubeba nia. Kwa vijana unazijua tayari: kazi, karo, visa, mama anayeugua. Sasa mguu ukizidi kuuma, unaanza kumwonyesha Mungu risiti. "Si unaona? Kilomita 80 hizi. Nipe tu hiyo kazi." Na si ajabu. Tumekulia mahali ambapo faili haisongi mezani bila kitu kidogo, kwa hivyo tunadhani hata mbinguni kuna kaunta na karani. Mitandaoni nako kuna wahubiri wanaokuuzia wazo hilo hilo: toa kwanza, utalipwa maradufu.

Katika kikundi chetu kulikuwa na jamaa wa shahada ya uhasibu, miaka mitatu akituma CV bila kujibiwa. Tulipokuwa tumepumzika chini ya mwembe baada ya Iganga, mama mmoja mzee, ambaye sote tulimwita Kukhu, alimuuliza anatembea kwa nia gani.

"Kazi, Kukhu."

"Na ukikosa?"

Akacheka. "Kukhu, nimetembea yote haya! Atakosaje kunipa?"

Mama akaendelea kufunga kamba ya kiatu chake polepole. "Mjukuu wangu, basi wewe hujamwomba. Umemdai."

Jamaa hakusema kitu. Tulitembea kimya karibu hadi Jinja, na nadhani si yeye pekee aliyeguswa. Mimi pia nilikuwa na deni langu nililotaka Mungu alipe.

Hebu fikiria tunaowaendea. Mwaka wa 1886 Kabaka Mwanga wa Buganda aliamuru watumishi wa ikulu waliokuwa Wakristo wauawe. Sababu zake zilichanganyika: siasa za ikulu, hofu ya wageni waliokuwa wakikaribia, na vijana waliokataa matakwa yake. Walikamatwa Munyonyo, kando ya ziwa, na nao pia wakatembezwa, kwa kamba, hadi Namugongo. Baadhi waliuawa njiani. Waliofika waliwekwa kizuizini karibu wiki moja kuni zikikusanywa. Halafu Juni 3, moto. Kiongozi wao, Charles Lwanga, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kizito, ambaye Lwanga alimbatiza siku chache tu kabla, alikuwa na miaka kama 14, rika la mtoto wa Gredi ya 9. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa na mwanawe Mbaga Tuzinde katika kundi hilo. Alimsihi akane imani. Kijana akakataa.

Kanisa Katoliki liliwatangaza 22 kuwa watakatifu mwaka wa 1964. Waanglikana nao wanawakumbuka wao 23, na wana madhabahu yao papo hapo Namugongo. Mimi hukaa sana na ile wiki ya kuni. Sala ya kuokolewa lazima ilisaliwa na mtu pale, angalau usiku. Sasa wewe unataka kuniambia walikuwa hawajatembea vya kutosha?

Baada ya Jinja mnavuka Nile, mashamba ya miwa yanapita, halafu mnaingia msitu wa Mabira. Njiani pale Najjembe wanachoma kuku kwenye vijiti pamoja na gonja, na wewe una mkate mkavu. Hilo ni jaribu kuliko malengelenge, sikudanganyi. Lakini ndani ya msitu, chini ya miti ile mirefu, kitu kinatulia. Unaacha kuomba. Hujakata tamaa, ni maneno tu yameisha, na umebaki na pumzi na hatua na mgongo wa mtu aliye mbele yako. Mimi nasema hiyo ni sala. Mwingine atasema ni uchovu. Sioni kwa nini isiwe vyote viwili.

Na ukishaacha kuhesabu unachodai, unaanza kuona unachopewa. Kule Busoga mama mmoja alitoka na fenesi zima, akalipasua kando ya barabara, akatugawia. Hakuuliza dini wala nchi. Alirudi kwake kabla hatujamaliza kusema asante.

Hata hivyo, usidhani asiyetembea ana imani ndogo. Msee wa mjengo hawezi kuacha mshahara wa siku saba. Anayeuguza mtu nyumbani anatembea kilomita zake kati ya kitanda na jikoni.

Kufika kwenyewe si kama unavyodhani. Namugongo wakati huo ni watu, watu, watu. Mnalala kwenye nyasi, mnafua soksi, mnasubiri siku. Misa yenyewe unaweza usione altare kabisa, unasikia tu kwa spika. Pembeni kuna bwawa ambalo mahujaji huchota maji kwa chupa na mitungi ili kupeleka nyumbani. Nilimkuta yule jamaa wa uhasibu hapo kwenye foleni, akiwa na chupa mbili, yake na ya Kukhu. Nikamuuliza kama bado anaomba kazi.

"Bado naomba," akasema. "Ila sasa anaweza kukataa, na sijui nitafanya nini."

Hadi naandika haya, bado anatuma CV. Juzi alinipigia simu kuuliza kama kikundi cha mwaka huu kimeanza kuandikisha majina. Kimeanza. Nawe uliza parokiani kwako mapema, usivae raba mpya, beba soksi za kubadilisha, na kitambulisho usisahau.