Kwa Nini Jina Lako Huulizwa Tena Mlangoni mwa Chumba cha Upasuaji

Mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji huulizwa jina lake kamili, ugonjwa wake na upande utakaopasuliwa, kisha huulizwa tena na mhudumu mwingine. Wapo wanaoudhika na kudhani faili limepotea. Sababu ya maswali hayo ni nzito.

Mnamo Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyehitaji upasuaji wa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Katika kipindi hicho hicho, orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika miji minane duniani, Ifakara mkoani Morogoro ukiwa mmojawapo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Maswali machache tu, yakiulizwa kwa sauti.

Sheria nayo husukuma upande huo huo. Haimdai daktari aponye kila mtu. Humdai uangalifu unaotarajiwa kwa mtaalamu mwenye ujuzi kama wake. Mgonjwa akifariki licha ya uangalifu huo, huo ni msiba, si uzembe. Anayedai fidia hana budi kuthibitisha kwamba uangalifu ulipungua na kwamba upungufu huo ndio uliomdhuru, na hili la pili ndilo gumu zaidi. Ushahidi mkuu huwa faili. Ndiyo maana tabibu makini huandika saa, kipimo cha dawa na maelezo aliyompa mgonjwa kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. Sahihi hiyo, ieleweke, haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuzembea.

Hofu ya sheria ina upande wake mbaya pia. Nchini Marekani madaktari wengi hukiri kuagiza vipimo visivyo vya lazima ili kujikinga na kesi. Kwetu, hatari iliyo karibu zaidi ni rufaa. Mama mwenye uchungu katika zahanati ya juu mlimani, barabara ikiteleza kwa masika, anaweza kuteremshwa Mawenzi au KCMC bila sababu ya kitabibu, kwa kuwa tu mhudumu anaogopa lawama. Kumchelewesha anayestahili rufaa ni kubaya zaidi. Chati ya kufuatilia uchungu, ikijazwa kwa wakati, humsaidia mhudumu kuamua kwa dalili badala ya woga. Hofu ikizidi, kosa hufichwa, na kosa lililofichwa halimfundishi yeyote.

Mwananchi mwenye malalamiko aanze kwa mganga mfawidhi wa kituo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Suala la mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. La muuguzi huenda Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha au kufuta usajili. Fidia hutafutwa mahakamani.

Hapo ndipo wengi hukwama. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kituo kikiwa cha Serikali au halmashauri, hutangulia notisi ya siku 90, nakala ikipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Anayesubiri hadi mwishoni mwa mwaka wa tatu anaweza kukuta mlango umefungwa hata kama haki ilikuwa yake. Basi karatasi za kuruhusiwa kutoka wodini, risiti na majibu ya vipimo vitunzwe nyumbani tangu siku ya kwanza, na tarehe ya tukio iandikwe kabla haijasahaulika.