Nyanya za Mzee Ndani ya Ndoo

Wazee wetu wengi hapa Mpanda wameacha bustani kwa sababu ya maumivu ya mgongo na magoti. Tunawashauri wapande nyanya katika ndoo kuukuu ya lita 20, iliyotobolewa chini na kuwekwa juu ya matofali mahali penye jua. Mzee ataihudumia akiwa ameketi.

Changanyeni udongo na samadi iliyooza. Wakati wa kiangazi mwagilieni shinani kila asubuhi. Majani yasiyolowa hayashikwi upesi na ukungu.

Lakini tunaonya: msitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya tumbaku au ya pamba. Kukiosha hakutoshi, sumu hubaki. Nyanya hutupatia vitamini C. Tusizigeuze kuwa hatari.