Sauti ya Usiku Bila Kumwamsha Jirani: Hedifoni Kwenye Sabufa

Mpaka mwaka 2018 Songea iliishi zaidi kwa jenereta za dizeli, na mgao wa umeme ulikuwa jambo la kawaida. Mwaka huo njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilomita 250 hivi, iliuingiza mji kwenye gridi ya taifa. Sabufa iliyokuwa ikinyamaza kwa lazima sasa inaweza kulia hadi alfajiri.

Hapo ndipo ulipo mgogoro mpya. Kata za Lizaboni, Mfaranyaki na Bombambili zina nyumba nyingi za kupanga ambamo ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, na nyingine hazina hata dari. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu. Yupo pia anayefuata rozari kabla hakujapambazuka kwenye Radio Maria, kituo ambacho nchini kilianzia papa hapa Songea mwaka 1996. Wote hao wana haki ya kusikiliza, na mtoto wa chumba cha pili ana haki ya kulala. Hedifoni ingemaliza ugomvi huo, lakini ukiigeuza sabufa ukaikagua nyuma na mbele, mara nyingi tundu la hedifoni hulioni.

Redio kubwa za zamani, za kaseti na santuri, zilikuwa nalo. Kwenye mashine za Sony, Technics au Pioneer lilikuwa upande wa mbele, limechorwa alama ya hedifoni. Ukichomeka pini, swichi ndogo iliyo ndani ya tundu hukata spika, na sauti yote huhamia masikioni. Mwenye mashine kama hiyo hana haja ya fundi. Anachohitaji ni kiunganishi tu, maana tundu lile ni la milimita 6.35 na pini za hedifoni za leo ni za milimita 3.5. Pini ile nene ina historia ndefu: ilitoka kwenye meza za waunganishaji simu wa karne ya 19, waliokuwa wakiichomoa na kuichomeka kutwa nzima. Hedifoni za muziki wa stirio zilikuja baadaye sana, John Koss wa Milwaukee, Marekani, alipotoa zake mwaka 1958.

Kwa mwenye sabufa, swali la kwanza ni moja: sauti ichukuliwe wapi? Ndani ya mfumo wowote wa muziki sauti hupita hatua mbili. Kwanza inatoka kwenye chanzo, yaani televisheni, deki au simu, ikiwa bado dhaifu. Kisha inaingia kwenye amplifaya na kupewa nguvu ya kusukuma spika. Hedifoni inataka sauti ya hatua ya kwanza, kabla haijapewa nguvu hiyo. Spika hupimwa kwa wati. Hedifoni hutosheka na sehemu za elfu za wati moja.

Kwa sababu hiyo, kukata waya wa hedifoni na kuufunga kwenye matundu ya spika ni hatari. Koili nyembamba iliyomo ndani inaweza kuungua, na sikio likapigwa na kishindo kabla mkono haujafika kwenye kitufe. Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Kwenye pini ya hedifoni, nyaya hasi za kushoto na kulia zimeunganishwa pamoja. Amplifaya nyingi za kisasa zimeundwa kwa namna ambayo waya hasi wa spika nao hubeba sauti, haujaungwa kwenye ardhi ya mashine. Ukiunganisha hasi mbili za namna hiyo, unaweza kuua saketi ya sauti papo hapo. Fundi makini huzima mashine, huchomoa spika, kisha huweka testa kati ya hasi ya kushoto na hasi ya kulia. Zisipokuwa zimeungana, hagusi. Zikiwa zimeungana na ardhi ya mashine, anaweza kufunga tundu lenye resista za kupunguza nguvu, kama walivyofanya watengenezaji wengi wa amplifaya za zamani.

Njia rahisi zaidi haihitaji kufungua hata skrubu moja. Televisheni nyingi zina tundu la hedifoni la milimita 3.5. Chukua kigawanyio chenye pini moja na matundu mawili, kichomeke kwenye televisheni. Tundu moja lipokee waya unaokwenda kwenye matundu mekundu na meupe ya sabufa, la pili liwe la hedifoni. Mchana sabufa inalia kama kawaida. Usiku unaizima na kubaki na hedifoni, ukipandisha na kushusha sauti kwa rimoti ya televisheni. Kwa kuwa sabufa huvuta nguvu kidogo mno kutoka kwenye tundu hilo, kwa kawaida haimpunguzii sauti mwenye hedifoni. Zipo televisheni mpya zenye mlango wa sauti wa mwanga peke yake. Hizo zinahitaji kifaa cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya kawaida, na kiwe na tundu la hedifoni.

Kuna dalili moja inayofaa kujulikana na kila mnunuzi wa waya. Unapiga wimbo wa dansi, magita yanasikika kwa mbali, mwimbaji hayupo. Wengi hudhani hedifoni imekufa. Kumbe pini haijaingia hadi mwisho, au waya wa ardhi umekatika, na kilichobaki ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji huwekwa katikati, kwa hiyo hufutika. Wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa mono hutoweka karibu wote.

Wanaotegemea Bluetooth nao hukwama, kwa sababu Bluetooth ya sabufa kwa kawaida hupokea tu. Itachukua muziki kutoka kwenye simu lakini haitaupeleka kwenye hedifoni. Kinachotakiwa ni kisambazaji kidogo kinachochomekwa kwenye televisheni. Hata hivyo sauti inaweza kuchelewa kwa sehemu ya sekunde, mpira ukawa wavuni kabla mtangazaji hajapiga kelele, na ukuta wa matofali ya kuchoma hupunguza umbali. Kwa mpira na filamu, waya bado ni bora.

Songea ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaofika hadi Aprili, na mvua juu ya bati humfanya mtu apandishe sauti bila kufikiri. Anayesikiliza sana miezi hiyo achague hedifoni zinazofunika sikio lote, kwa sababu zinazuia kelele za nje na hazimlazimishi kupandisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye desibeli 90 muda salama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Watoto wamewekewa desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Masikio yakivuma baada ya kuvua hedifoni, sauti ilikuwa kubwa mno, na usiku unaofuata ipunguzwe.

Kabla ya kuchomeka, shusha sauti hadi mwisho, vaa, kisha pandisha polepole. Umeme ukikatika, vua hedifoni kabla haujarudi, kwa kuwa mashine nyingi hutoa kishindo zinapowaka.