Kazi Ikiisha, Tusipoteane

Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwa muda mrefu niliichukua methali hii kuwa ruhusa ya kuwasahau wenzangu wa kazini pindi kazi inapokwisha. Leo nimebadili mawazo, na nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Pwani Kaskazini, Mombasa. Machi 2020, serikali iliposimamisha ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, wageni walikwisha ndani ya siku chache. Tuliambiwa twende nyumbani tungojee kuitwa. Badala ya kuitwa, tukaletewa barua za kuachishwa kazi. Nikabadilisha laini ya simu, nikatoka kwenye kikundi cha WhatsApp kilichojaa malalamiko, nikaanza kuuza viazi karai.

Mwaka 2024, harusini Kisauni, nilikutana na mzee aliyekuwa akitunza bustani ya hoteli ile. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, ulipotelea wapi? Nilikutafuta sana."

Mzee huyu aliajiriwa kwa mdomo tu. Sheria inatambua ajira ya namna hiyo, lakini alipotaka kudai haki zake alishauriwa atafute watu wa kuthibitisha kuwa alifanya kazi pale. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai kila asubuhi. Nambari yangu haikupatikana, na wengine walikuwa wametawanyika Malindi, Diani na hata Doha. Kisheria, dai linalotokana na mkataba wa ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3. Siku ile ya harusi muda ulikuwa umeshapita.

Ni vyema tujue mtu anayeacha kazi anapewa nini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi, ila kwa aliyefanya kazi chini ya wiki 4 mfululizo. Cheti hutaja mwajiri, kazi uliyofanya na mahali pake, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Mwajiri halazimiki kuandika kwamba wewe ni mwaminifu, au kwamba unajua kumtuliza mgeni mwenye hasira. Hayo wanayajua waliosimama nawe jikoni. Na huku kwetu, nafasi nyingi za hoteli husikika kwa mdomo kabla ya kutangazwa popote.

Basi tufanyeje?

Kwanza, kabla hujaondoka, andika nambari za wenzako kwenye daftari, maana simu huibwa. Usiandike za wakubwa peke yao. Dobi na bawabu nao wanakujua. Ukibadilisha laini, wajulishe.

Pili, usingoje shida. Salamu ya Idi au Krismasi haina gharama. Ukisikia harusi, nenda. Ukisikia msiba, nenda mapema. Mtu anayepiga simu akitaka kazi tu, baada ya muda simu zake hazipokelewi.

Tatu, kikundi cha simu kiwe cha habari za kazi, furaha na misiba. Kikigeuka cha kumsema meneja wa zamani, watu watatoka mmoja mmoja kama nilivyotoka mimi. Na aliyebaki kazini tusimchimbe siri za mwajiri wake, tusije tukamponza.

Nne, mwenzako akidai haki uliyoishuhudia, jitokeze. Sema uliyoyaona, usiongeze wala usipunguze. Najua kuna anayeogopa kwamba mwajiri mpya atasikia amuone mkorofi. Hofu hiyo si ya bure. Lakini tujiulize, siku yetu ikifika, tutamtaka nani aseme?

Siku hizi nampigia mzee wangu kila Ijumaa. Haki yake haikurudi, na mimi sina cha kumlipa. Alinisamehe kabla sijaomba msamaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ni kweli, uliyekula naye hotelini huenda asife nawe. Lakini ukiulizwa ulifanya kazi wapi na ulikuwa mtu wa namna gani, ndugu uliyezaliwa naye hakuwapo. Yeye alikuwapo. Ukimaliza kusoma haya, mpigie mmoja wao.