Usizimie Mkia!

Nyota ya mkia ikitokea angani, watu hutoka nje na kuita majirani. Mkia unavutia, hakuna ubishi. Lakini wanasayansi hawaishii kwenye mkia, wanataka kujua kiini. Na hapo, msomaji wetu, pana somo kwa yeyote aliyewahi kumzimia mtu kwa gari, pafyumu na maneno matamu, halafu baada ya miezi sita akajiuliza: hivi huyu ni nani hasa?

Pazia la hewa

Aliyefika Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki jirani na Amani, anajua ukungu ni nini. Usiku ukiwa safi, nyota zinajaa hadi unashangaa. Ukungu ukishuka, kwisha habari.

Sasa, hata pasipo na ukungu, hewa yenyewe ni pazia. Inazuia eksirei na sehemu kubwa ya miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana darubini zinapelekwa juu. Hubble ilirushwa mwaka 1990 na inazunguka dunia kiasi cha kilomita 500 juu yetu. James Webb iliondoka tarehe 25 Desemba 2021, ikakaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa.

Na usidhani mambo haya hayatuhusu. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, na satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Miaka 26 baadaye, darubini nyingine ya angani, ROSAT, ikakuta nyota ya mkia iitwayo Hyakutake inatoa eksirei, jambo lililowashangaza wengi.

Mgeni wa mwaka 2025

Tarehe 1 Julai 2025, darubini iliyoko Chile iligundua nyota ya mkia iliyopewa jina 3I/ATLAS. Haikuzaliwa kwenye familia ya jua letu, ilikuwa inapita tu. Ilikuwa mgeni wa tatu wa aina hiyo kujulikana, baada ya wale wa 2017 na 2019.

Hubble iliipiga picha tarehe 21 Julai. Vumbi lililoizunguka lilikuwa linang'aa kiasi kwamba kiini chenyewe hakikuonekana! Wataalamu wakabaki kukadiria: hakizidi kilomita 5.6, na huenda ni mita mia nne na kitu tu. Makeke yote yale, kumbe mwenyewe mdogo hivyo.

Basi wakajuaje kilichomo? Walisubiri jua lifanye kazi yake. Nyota ya mkia ni barafu na vumbi. Ikikaribia jua inapata joto, na barafu inageuka gesi. Tarehe 6 Agosti, James Webb ilipima gesi hizo na kukuta hewa ukaa ikizidi mvuke wa maji kwa takribani mara nane. Kipimo hicho kisingewezekana kutoka ardhini, maana hewa ukaa ya dunia yetu inaziba njia.

Umeipata hiyo? Joto likipanda, kinachotoka ndicho kilichomo. Kwa mwenzi wako ni vilevile. Siku za raha kila mtu ana mkia. Mtazame kazi ikiyumba, kodi ya nyumba ikichelewa, mama mkwe akija kukaa wiki tatu. Na wewe pia unatazamwa!

Mkitaka kujaribu wawili

• Chagueni usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji. Milima ya Usambara inafaa sana mvua zikikata.
• Bebeni makoti. Baridi ya kule si mchezo.
• Zimeni simu na mpe macho dakika 20 yazoee giza.
• Darubini ndogo ya mkononi inatosha kuanzia.

Mgeni wa 2025 ameshapita na harudi tena. Ila Halley, iliyoonekana mara ya mwisho mwaka 1986, ilifika mwisho wa safari yake ya mbali mwezi Desemba 2023, ikageuza. Itakuwa karibu na jua Julai 2061. Huko iliko haina mkia wowote, imebaki kiini kitupu gizani, lakini inakuja. Muulize mwenzio leo usiku: 2061 tutaitazama wote?