Jifunike! Amri za Kujitenda katika Lugha ya Kihispania

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za lugha, nayo yawahusu hasa vijana wa Moshi, Marangu na Machame ambao riziki yao hutoka mlimani. Kila mwaka wageni wengi huja kupanda Kilimanjaro, na miongoni mwao wamo watu wa Uhispania, Mexico, Argentina na nchi nyingine ambazo lugha yao ni Kihispania. Hata katika Afrika yetu lugha hiyo hutumika, huko Guinea ya Ikweta.

Kiongozi au mpagazi aliyejifunza maneno machache ya Kihispania hupendwa na wageni. Lakini faida yake si kupendwa tu. Usiku wa manane, katika safari ya kutoka Kibo au Barafu kuelekea kilele cha mita 5,895, mgeni atwetaye na kutetemeka kwa baridi hawezi kufikiri sana. Amri atakayopewa yapasa iwe fupi, tena iwe sahihi.

Kwanza na tuitazame lugha yetu wenyewe. Mtu akikuambia, "Funika," utamwuliza, "Nifunike nini?" Akikuambia, "Jifunike," huulizi, wajua ya kuwa ni mwili wako. Tofauti yote ni silabi moja, yaani ji, ambayo hulirudisha tendo kwa mtendaji. Angalia na mahali pake: hukaa mbele ya shina la kitenzi, wala haihami. Twamwamuru mmoja: "Jifunike." Twawaamuru wengi: "Jifunikeni." Twakataza: "Usijifunike." Pote ji iko palepale.

Kihispania nacho kina neno dogo la kazi hiyo, lakini lina desturi mbili zisizo za ji yetu. Kwanza, hubadilika kwa kadiri ya mtu anayeambiwa. Kwa rafiki au mtoto ni te. Kwa mtu wa kuheshimiwa ni se. Sisi tuliofundishwa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo hatutaona ajabu heshima ikiingia hata katika amri. Kwa mgeni usiyemzoea, se ndiyo njia salama. Pili, neno hilo huhama. Mtu akiamriwa kutenda, huja mwisho na kushikamana na kitenzi kama mkia. Akikatazwa, hutoka mkiani, huenda mbele ya kitenzi, na kusimama peke yake.

Tazama mifano hii:

Cubra, funika. Cúbrase, jifunike. No se cubra, usijifunike.
Levante, inua. Levántese, inuka. No se levante, usiinuke.
Acueste, mlaze mtu. Acuéstese, jilaze. No se acueste, usijilaze.
Siéntese, keti. No se siente, usiketi.

Hayo ni ya heshima. Ukisema na rafiki, utasema cúbrete, levántate, acuéstate, siéntate. Ukisema na wengi, utasema siéntense, ketini. Ingawa watu wa Uhispania, wakiambiana kirafiki, husema sentaos. Na ukijitia mwenyewe katika shauri, utasema sentémonos, yaani, na tuketi.

Sasa, mkia huo ukisahauliwa huwaje? Fikiri kiongozi amwonaye mgeni ameketi juu ya jiwe katika baridi kali. Ataka ainuke, lakini asema, "Levante!" Mgeni atatazama huku na huku akitafuta mzigo wa kuinua, maana ndivyo alivyoamriwa. Neno alilohitaji kusikia ni levántese. Silabi moja imepotea, na maana yote imekwenda nayo.

Kosa hili ni jepesi kwetu kwa sababu maneno yetu mengi hayahitaji ji. Twasema "keti", "simama", "amka", na tendo lenyewe laeleweka kuwa ni la mtendaji. Mhispania hutia mkia katika yote hayo. Tena iko kinyume chake: sisi twasema "jifunze" na "jihadhari", naye husema aprenda na tenga cuidado, bila mkia wowote. Kwa hiyo usifasiri neno kwa neno. Kila kitenzi na kifundishwe pamoja na mkia wake, kama wauhitaji.

Jambo jingine ni mkazo wa sauti. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ka-RI-bu, ka-ri-BU-ni. Mkia ukiongezwa, mkazo huhama. Katika Kihispania cha heshima mkazo hubaki ulipokuwa kabla ya mkia kuongezwa: le-VAN-te, le-VAN-te-se. Ndiyo maana huandikwa alama ndogo juu ya herufi, ili msomaji asidanganyike. Ila watu wa Argentina, wakisema na rafiki, husema le-van-TA-te, na hapo ulimi wetu wa Kiswahili hauna taabu.

Liko katazo moja lifaalo kukumbukwa kuliko yote. Duerma maana yake ni lala usingizi. No se duerma ni usishikwe na usingizi. Mgeni anayesinzia njiani katika baridi apaswa kulisikia neno hilo mapema. Naye aliyezidiwa na ugonjwa wa mahali pa juu, akatapika, akayumba na kusema ovyo, hatapona kwa kuketi wala kwa kufunikwa. Dawa yake ya kwanza ni kuteremka. Amri yake ni baje, teremka, na hii haina mkia.

Kabla ya mazungumzo yajayo, chukueni kalamu mwandike haya kwa Kihispania cha heshima: jifunike, usijilaze, inuka, usiketi, teremka. Kisha yasomeni kwa sauti, mwenzenu asikilize kama mkia uko mahali pake. Kwaherini.