Bilbao: mji uliopoteza viwanda vyake ukaanza kupokea wageni

Usiku wa Mei 21, 2025, mashabiki wengi wa kandanda Afrika Mashariki walikuwa wametega masikio kwenye redio au wamejazana kwenye vibanda vya kuonyesha mpira. Tottenham ilikuwa ikicheza na Manchester United, fainali ya Ligi ya Europa. Brennan Johnson akafunga bao moja, bao hilo likatosha, na Tottenham ikabeba kombe lake la kwanza baada ya miaka 17.

Timu zote mbili ni za Uingereza, lakini mechi haikuchezwa London wala Manchester. Ilichezwa Bilbao, mji wenye wakazi wapatao 345,000 katika jimbo la Basque, kaskazini mwa Uhispania.

Maelfu ya mashabiki walisafiri kwenda huko. Lakini hata wiki isiyo na fainali, Bilbao hujaa wageni. Wanakaa siku mbili au tatu, wanatazama sanaa, wanaingia uwanjani, wanakula vizuri, kisha wanarudi kazini. Miaka 40 iliyopita hakuna mgeni aliyefikiria kwenda Bilbao kupumzika. Ilikuwaje mji huo ukabadilika, na nani anafaidika?

Safari fupi ya mjini ni nini?

Kwa watu wengi wa Ulaya, mapumziko hayana maana ya safari ndefu ya mwaka mara moja tu. Mtu hutoka kazini Ijumaa jioni, hupanda ndege, na Jumapili usiku yuko nyumbani kwake tena.

Hilo linawezekana kwa sababu tatu. Kwanza, umbali ni mdogo. Kutoka London hadi Bilbao, ndege haikai angani saa mbili. Pili, tangu miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulifungua soko la usafiri wa anga, mashirika ya ndege yakaanza kushindana kwa bei, na nauli zikashuka. Tatu, nchi 29 za eneo la Schengen zimekubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti kwenye mipaka baina yao. Mfaransa huingia Uhispania kama mtu anayevuka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine.

Mgeni wa namna hii ana muda mfupi na fedha za kutumia. Kwa hiyo miji inashindana kumvutia, na kila mmoja hutafuta cha kumfanya auchague huo badala ya mwingine.

Mji wa chuma

Bilbao ulianzishwa mwaka 1300 kando ya Mto Nervión, si mbali na bahari. Milima ya jirani ilikuwa na madini ya chuma. Katika karne ya 19 madini hayo yalisafirishwa kwa wingi kwenda Uingereza, na kando ya mto yakajengwa matanuri ya kuyeyushia chuma na viwanda vya kuunda meli. Kazi zilikuwepo, moshi ulikuwepo, na mto uligeuka kuwa mfereji wa maji machafu.

Miaka ya 1980 mambo yaliharibika. Chuma cha bei nafuu kilitoka kwingineko duniani, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Agosti 1983 mafuriko makubwa yaliufunika mji mkongwe na kuua makumi ya watu. Wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Euskalduna walipambana na polisi barabarani kutetea ajira zao, lakini kiwanda kikafungwa. Takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na ajira.

Juu ya hayo kulikuwa na vita vya chini kwa chini vya kundi la ETA, lililotaka Basque ijitenge na Uhispania na lililoua mamia ya watu. Kundi hilo liliacha mapigano mwaka 2011 na kujivunja mwaka 2018.

Jengo linalong'aa kama samaki

Katika hali hiyo, serikali ya jimbo ilifanya uamuzi uliowakasirisha wengi. Ilikubali kutoa dola milioni 100 kujenga makumbusho ya sanaa, na kulipa dola milioni 20 zaidi kwa wakfu wa Guggenheim wa New York ili kutumia jina lake na utaalamu wake. Watu waliuliza: viwanda vinafungwa, baba wa familia hana kazi, na nyinyi mnanunua picha?

Makumbusho ya Guggenheim Bilbao yalifunguliwa Oktoba 1997. Siku chache kabla ya hapo, wanachama wa ETA waliojifanya watunza bustani walifika na vyungu vya maua vilivyofichwa silaha za milipuko. Polisi mmoja aliwashtukia, wakampiga risasi, akafariki. Ufunguzi uliendelea.

Msanifu wake, Frank Gehry, mzaliwa wa Kanada, alilifunika jengo kwa vipande vyembamba vya madini ya titani vipatavyo 33,000. Vinapopigwa na jua hung'aa kama magamba ya samaki, na mawingu yakitanda hubadilika rangi. Katika mwaka wa kwanza walifika wageni zaidi ya milioni moja.

Huhitaji kusomea sanaa ili uifurahie. Nje ya mlango kuna sanamu ya mbwa yenye urefu wa zaidi ya mita 12, iliyopandwa maua halisi ambayo hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Ni kazi ya Mmarekani Jeff Koons. Upande wa mto kuna buibui mkubwa wa shaba nyeusi, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, mwenye mayai tumboni. Msanii Louise Bourgeois alimtengeneza kwa kumkumbuka mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufuma na kukarabati mazulia ya kutundika ukutani. Buibui naye hufuma, na huilinda nyumba yake.

Ndani kuna ukumbi wenye kuta ndefu za chuma chenye kutu, zilizopinda na kuinama. Mgeni hutembea katikati yake. Njia hubana, kisha hufunguka, na mwili huhisi kama unayumba. Aliyezitengeneza, Richard Serra, ujanani aliwahi kufanya kazi katika viwanda vya chuma. Mzee wa Bilbao aliyetumia maisha yake mbele ya tanuri hahitaji kuelezwa kuta hizo zinazungumzia nini.

Timu ya watoto wa nyumbani

Kandanda ilifika Bilbao kwa njia ileile ya chuma. Meli za Uingereza zilileta mabaharia na wafanyakazi waliocheza mpira, na vijana wa Bilbao waliosoma Uingereza walirudi nao. Klabu ya Athletic inahesabu umri wake kuanzia mwaka 1898.

Athletic ina kanuni isiyo ya kawaida. Husajili wachezaji waliozaliwa au kulelewa kisoka katika eneo la Basque tu. Wakati klabu nyingine zinanunua nyota kutoka pembe zote za dunia, yenyewe hulea watoto wake. Hata hivyo, ni klabu tatu tu ambazo hazijawahi kushuka kutoka ligi kuu ya Uhispania: Real Madrid, Barcelona na Athletic.

Kanuni hiyo ilileta swali: mtoto wa nyumbani ni nani? Jibu mojawapo lina asili ya Ghana. Wazazi wa Iñaki na Nico Williams waliondoka Ghana, wakavuka jangwa la Sahara, sehemu kubwa kwa miguu, na kuruka uzio wa Melilla kuingia ardhi ya Uhispania. Iñaki alizaliwa Bilbao mwaka 1994 na akapewa jina la padri aliyewapokea. Nico alizaliwa Pamplona mwaka 2002. Leo Iñaki anachezea timu ya taifa ya Ghana, naye Nico aliifungia Uhispania bao katika fainali ya Euro 2024. Kwa Athletic, wote wawili ni watoto wa nyumbani.

Aprili 2024 Athletic ilitwaa Kombe la Mfalme kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Mallorca, baada ya kulikosa kombe hilo kwa miaka 40. Wachezaji hawakupanda basi la wazi kusherehekea. Walipanda tishari, ile mashua bapa ya kubebea mizigo, wakapita mtoni huku kingo zote mbili zikiwa zimejaa watu.

Uwanja wao, San Mamés, unachukua watu wapatao 53,000. Una jina la mtakatifu ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alitupwa kwa simba nao wakakataa kumla. Ndiyo maana wachezaji huitwa simba. Siku isiyo na mechi mgeni anaweza kutembelea uwanja na jumba lake la makumbusho. Siku ya mechi, mtaa wa Pozas hufurika watu waliovaa nyekundu na nyeupe saa kadhaa kabla ya filimbi.

Kutoka kijiti hadi sahani ya euro 200

Chakula cha Bilbao kina ngazi. Ngazi ya kwanza iko kwenye mji mkongwe, ambako meza za baa hupangwa vipande vidogo vya mkate vyenye samaki, kamba, mayai au uyoga, vilivyoshikiliwa kwa kijiti. Huitwa pintxo, na kimoja huwa euro mbili hadi nne. Euro moja ni kama shilingi 150 za Kenya, au karibu 3,000 za Tanzania. Mtu hula kimoja au viwili akiwa amesimama, anazungumza, kisha anahamia baa ya pili. Nyama ya nguruwe hutumika sana, hivyo asiyeila aulize kwanza.

Ngazi ya pili ni chakula cha nyumbani kilichopewa heshima. Kinachojulikana zaidi ni bacalao al pil-pil, samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi kama ng'onda wetu. Hulowekwa muda mrefu, kisha hupikwa taratibu kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na pilipili, sufuria ikitikiswa mpaka mafuta yawe mchuzi mzito. Wenyeji husimulia kuwa mfanyabiashara mmoja aliagiza samaki 100 au 120, agizo likasomeka vibaya, akaletewa zaidi ya milioni moja. Mara mji ukazingirwa na jeshi, na samaki hao wakawaokoa watu na njaa.

Ngazi ya juu ni migahawa yenye nyota za Michelin. Michelin ni kampuni ya matairi ya Ufaransa. Mwaka 1900 ilianza kuchapa kitabu cha kuwaongoza wenye magari, na kuanzia 1926 ikawa inatoa nyota kwa migahawa bora. Nyota tatu maana yake ni kwamba mgahawa huo unastahili kusafiriwa kwa ajili yake tu. Azurmendi, karibu na Bilbao, wa mpishi Eneko Atxa, unazo tatu. Mlo wa mtu mmoja katika migahawa ya namna hii unaweza kuzidi euro 200.

Lakini mmoja wa migahawa inayosifiwa zaidi duniani uko kijijini Axpe, chini ya mlima, mwendo wa kama kilomita 40 kutoka Bilbao. Unaitwa Etxebarri. Mpishi wake, Victor Arginzoniz, alijifunza mwenyewe. Hupika karibu kila kitu kwa moto wa kuni, huchagua mti kulingana na chakula, hutengeneza makaa yake, na hata aiskrimu yake ina ladha ya moshi. Kupika kwa kuni, ambako kwa wengi wetu ni shida ya kila siku, huko wageni hupanda ndege kukufuata.

Je, makumbusho ndiyo yaliyouokoa mji?

Miji mingi ilidhani hivyo, ikajenga majengo ya ajabu na kungoja wageni ambao hawakuja. Ukweli ni kwamba Bilbao ilianza na mambo yasiyopigwa picha. Mpango wa kusafisha maji taka ili mto upone ulianza miaka ya 1980 na uligharimu zaidi ya makumbusho yenyewe. Bandari ilihamishwa kuelekea baharini, na ardhi ya viwanda vilivyofungwa ikapata matumizi mapya. Reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1995, miaka miwili kabla ya Guggenheim. Hata viwanda havikuisha vyote. Basque bado ni miongoni mwa maeneo ya Uhispania yenye viwanda vingi.

Na si kila mtu alifaidika. Aliyekuwa fundi wa meli mwenye ujira mzuri na chama imara cha wafanyakazi hakugeuka kuwa mhudumu wa hoteli kirahisi. Kazi za migahawa mara nyingi ni za msimu na malipo yake ni madogo. Nyumba za mjini zinapogeuzwa vyumba vya wageni, kijana wa Bilbao huona kodi ya nyumba ikipanda.

Ukialikwa kwenda

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa. Utatakiwa kuonyesha bima ya safari, uwezo wa kujikimu na ushahidi kwamba utarudi. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi. Mtu akikwambia umlipe ili akupe "viza ya matembezi" utakayoitumia kuajiriwa hotelini, fahamu kuwa anakuingiza matatani.

Ukifika, kumbuka saa za kula: chakula cha mchana ni saa nane, cha jioni ni saa tatu usiku. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Kwa sisi tunaosikiliza kutoka mbali, Bilbao inaacha swali la karibu zaidi. Mto, mpira na samaki wa chumvi vilikuwepo pale tangu zamani. Je, mji ulio karibu nawe una nini kinachoweza kumfanya mgeni alale siku ya pili, na ni nani kwanza atausafisha mto?